Turubai limevimba, linabanduka au linavuja? Kutafuta kiini cha tatizo kwenye trela ya foamu

Trela yangu ya kulala niliijenga gerejini, hapa Ohio. Kuta na paa ni mabamba ya foamu ngumu ya waridi, ile wanayotumia kuzuia baridi majumbani. Kila bamba ni mita 1.22 kwa 2.44, unene sentimita 5. Juu ya foamu nikavisha turubai la pamba kwa gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, kisha rangi ya maji ya nje. Hakuna bati wala faiba. Gari dogo linaivuta bila taabu, na mtu mwenye subira anaijenga kwa vifaa vya kawaida vya nyumbani.

Tangu watu waione, simu hazikatiki. Wengi wanaonipigia wameshajenga, na kuna kitu kimeharibika. Malalamiko ni yaleyale, yanaanza kila theluji ikishayeyuka, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili naanza na sababu ninayokutana nayo mara nyingi na kumalizia na ile ya nadra. Tafadhali fuata mpangilio huo. Usibomoe kabla hujagusa, hujagonga na hujanusa.

## Kwanza soma mgongo wa turubai

Lengelenge langu la kwanza lilitokea ubavu wa kushoto, juu ya gurudumu, ukubwa wa chapati. Nikalipaka rangi. Likarudi. Nikalipaka mikono miwili zaidi, nikasafiri nalo hadi Hocking Hills, na jua la mchana likalipandisha mpaka likawa kama bakuli lililofunikwa. Jioni ile nikachukua wembe, nikakata pande tatu, nikakifunua kipande kama mlango mdogo. Mgongo wa turubai ulikuwa na gundi iliyokauka vizuri, ya manjano, laini, inang'aa kama ukucha. Foamu chini yake ilikuwa safi kabisa, waridi ileile ya dukani, hata maandishi ya kiwandani yanasomeka. Pale nilikuwa sijaipiga msasa. Gundi ilishika turubai, ikaikosa foamu, na rangi yote niliyoongeza ilikuwa inafunika kosa la siku ya kwanza.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia namwambia akate kidirisha cha sentimita 5 mahali palipoharibika, aniambie anaona nini mgongoni.

- Gundi yote iko kwenye turubai, laini, na foamu ni safi: foamu haikukwaruzwa, au ilikuwa na vumbi.
- Gundi yote iko kwenye foamu, turubai ni kavu kama lilivyonunuliwa: gundi ilikuwa kidogo, au ilikauka kabla turubai halijalazwa.
- Gundi ni nyeupe, inatoka unga kama chokaa: ilipakwa kwenye baridi.
- Gundi imekuwa kama maziwa mazito, unaikwangua kwa ukucha: maji yameingia na bado yamo.
- Foamu imechanika na kubaki imeng'ang'ania turubai: gundi imefanya kazi yake vizuri. Tatizo lako liko ndani zaidi, kwenye foamu yenyewe au kwenye fremu.

Kidirisha hicho kukiziba ni kazi ya dakika 10. Kukisia bila kukata kunakula msimu mzima.

## Malengelenge

Chukua sarafu, ugonge kuanzia nje ya lengelenge kuelekea katikati. Penye mshiko sauti ni butu. Penye uwazi inalia kavu, kama unagonga boksi tupu. Fuata mpaka wa sauti kwa penseli na uandike tarehe. Rudi baada ya wiki moja, ugonge tena asubuhi na tena jua likiwa kali. Mstari ukibaki palepale, kasoro ni ya pale tu. Ukivukwa, kuna maji yanayotembea, au ukuta mzima uliandaliwa vibaya.

Sababu inayoongoza ni hiyo yangu: foamu haikukwaruzwa. Bamba linatoka kiwandani na ngozi nyororo ambayo gundi ya maji haipati pa kushika. Msasa namba 60 au 80 juu ya eneo lote, mpaka mng'ao uishe, ndiyo dawa. Inayofuata ni ndugu yake: msasa ulipigwa lakini vumbi halikuondolewa. Vumbi la foamu lina umeme tuli, linang'ang'ania; brashi peke yake hailitoi. Pitisha mashine ya kufyonza vumbi, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, uache pakauke. Na vaa barakoa wakati wa msasa, vumbi hilo si la kuvuta.

Ya tatu inawapata wenye haraka. Foamu haipitishi maji, hivyo maji yote yaliyomo kwenye gundi yana njia moja ya kutokea, nayo ni kupitia turubai. Ukipaka rangi mapema umefunga mlango. Jua likiwaka, ule unyevu unageuka mvuke na kuinua turubai. Kwenye hewa kavu na joto mimi nasubiri siku 3. Kukiwa na unyevunyevu, wiki nzima. Weka mgongo wa mkono juu ya turubai na juu ya kitu kikavu cha jirani. Turubai likiwa la baridi zaidi, bado lina maji.

Halafu kuna gundi kidogo, au gundi iliyokauka kwa jua wakati unahangaika kunyoosha kitambaa. Mimi nazimua sehemu 1 ya maji kwa sehemu 4 za gundi, napaka foamu kwa rola eneo ninaloweza kulifunika kwa dakika chache, nalaza turubai, kisha napitisha gundi nyingine juu mpaka nyuzi zilowe na rangi ya kitambaa ibadilike kote. Mahali palipobaki peupe ndipo lengelenge litazaliwa.

Sababu mbili za nadra: uwazi kati ya bamba na bamba usiozibwa, ambao hewa yake hutanuka kwa joto, na mabamba yenye karatasi ya fedha usoni. Haya ya karatasi ya fedha ni ya foamu ya aina nyingine. Gundi inaweza kushika ile karatasi, halafu karatasi yenyewe ikaachana na foamu.

Kutibu lengelenge lililo dogo kuliko kiganja: pasua mstari mmoja kwa wembe, ingiza gundi isiyozimuliwa kwa bomba la sindano, kanda kwa kidole kuelekea kwenye mpasuo mpaka iliyozidi itoke, futa, weka karatasi ya nailoni na ubao, ugandamize siku nzima. Likiwa kubwa kuliko hapo, kata kipande chote, piga msasa, na uweke kiraka kinachopita ukingo wa shimo kwa sentimita 5 kila upande.

Usipige pasi. Kuna wanaosema gundi hii hulegea kwa joto na kushika tena, na ni kweli kwamba joto huilegeza. Lakini mwisho wa matumizi ya foamu hii ni nyuzijoto 74 za Selsiasi, na pasi hata ikiwa kwenye alama ya chini kabisa imepita hapo. Utabaki na shimo lenye umbo la pasi chini ya turubai zuri.

Ukiona zaidi ya robo ya ubavu inalia kavu, acha viraka. Vua ubavu wote uanze upya. Turubai lisiposhika, litatoka kwa mkono kama ganda la ndizi.

## Turubai linabanduka kingoni

Pamba ni utambi. Ukingo uliokatwa na kuachwa wazi unanyonya maji kama utambi wa kandili unavyonyonya mafuta ya taa, na maji yanapanda ndani ya kitambaa, chini ya rangi, mahali usipoyaona. Kwa hiyo angalia kwanza ukingo wa chini, nyuma ya magurudumu. Bonyeza kwa kidole. Ukiwa laini, au ukitoa tone, umepata.

Kinachosababisha mara nyingi ni turubai kuishia ubavuni badala ya kukunjwa kupita chini ya sakafu na kubanwa kule. Pili, ukingo ulikunjwa lakini haukushibishwa gundi na rangi kwenye sehemu isiyoonekana. Watu wanapaka panapotazamwa. Lala chini ya trela na tochi. Ukiona kitambaa cheupe kule chini, hapo ndipo maji yanapoingilia. Tatu, changarawe zinazorushwa na tairi zimekula rangi mpaka kwenye nyuzi. Hiyo dawa yake ni kinga ya tairi pana zaidi, na ubao au bati jembamba mbele ya trela kwa chini.

Matengenezo hayaanzi na gundi, yanaanza na kukausha. Inua sehemu iliyolegea, iache wazi gerejini na feni, siku 3 au 4. Gundi mpya juu ya gundi iliyolowa haitashika. Ikishakauka, kwangua ile iliyogeuka maziwa, piga msasa, bandika, kunja kupita ukingo, na upake rangi mikono mitatu hadi kwenye mwisho wa kitambaa.

Ukiwa barabarani na ukingo wa mbele au wa paa umeinuka, simama mahali salama. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukiingia chini ya turubai unaweza kulivua paa zima, na kitambaa kikiruka kinaangukia kioo cha dereva wa nyuma yako. Funga kwa tepu ngumu na mikanda, ondoka kwenye barabara kuu, rudi nyumbani taratibu.

## Mikunjo

Hii ni dalili ya macho zaidi kuliko ya ugonjwa. Gonga kwa sarafu. Kama mkunjo umejaa gundi na haulii kavu, piga msasa kiasi, paka rangi, endelea na maisha. Ukilia kavu, utibu kama lengelenge refu.

Chanzo ni kitambaa kuliko mkono. Turubai la mafundi rangi linauzwa likiwa limekunjwa, na alama za mikunjo zinabaki. Lipigwe pasi kabla halijafika karibu na foamu. Angalia pia kwamba halina mshono katikati, na kwamba halina nailoni upande mmoja, kwa sababu lenye nailoni halinyonyi gundi wala halitoi unyevu. Unalotaka ni pamba tupu, kitu kama amerikani nene. (Amerikani yenyewe ni kitambaa cha huku: wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ndio walioileta Unguja katika karne ya 19, na jina likabaki kwetu. Nilipolishika turubai la kwanza dukani, harufu ile ya pamba mbichi ilinirudisha mbali sana.)

Kufua kabla au kutofua? Lisilofuliwa husinyaa likilowa gundi, na kusinyaa huko kunanyoosha mikunjo midogo. Mimi silifui. Lakini acha sentimita 10 za ziada kila upande, na usilikaze kwa nguvu, maana linaweza kuvuta mpaka likainuka kwenye kona za ndani na kuacha daraja la hewa.

## Foamu imezama au imetoboka chini ya turubai

Kijana mmoja wa Tanga aliyeko Minnesota alinitumia picha usiku.

"Kaka, shikamoo. Foamu yangu imeliwa na panya, na turubai liko zima juu yake!"

"Marahaba. Ulibandika kwa gundi gani pale?"

"Pale dirishani nilimaliza na ya kopo, ile kali ya viatu."

Panya hakuwepo. Gundi zenye thina, rangi nyingi za mafuta, rangi za kopo la kupuliza, asetoni na petroli huyeyusha foamu hii papo hapo. Ukuta unabaki na mashimo yenye kuta ngumu zinazong'aa, kama sega la nyuki lililoungua. Faiba ya kawaida ya poliesta nayo ni hivyohivyo, kwa sababu ya stairini iliyomo. Epoksi, ile gundi ya kuchanganya sehemu mbili, haina shida. Kabla ya kutumia kopo lolote jipya, paka kidogo kwenye kipande cha foamu kilichobaki, urudi baada ya saa moja.

Sababu ya pili ni jua juu ya rangi nyeusi au bluu iliyokoza. Uso wa paa jeusi mchana wa Julai unaweza kukaribia kile kiwango cha 74, na foamu ikaanza kusinyaa na kujikunja. Ukitembeza kiganja unahisi bonde laini, bila kingo kali. Paka upya kwa nyeupe au rangi ya maziwa. Ya tatu, ya nadra lakini ndiyo mbaya kuliko zote: joto kutoka ndani, la taa, jiko au waya.

Acha kila kitu ukiona bonde limefuata mstari wa waya, au kuna doa la kahawia, au harufu ya plastiki iliyoungua. Chomoa betri, umwite fundi umeme. Foamu hii inashika moto, na moshi wake ni mweusi na wenye sumu. Ndani ya chumba cha mita 2 hutapata muda wa kufikiri. Mlango peke yake hautoshi: kila trela ya foamu iwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kupita. Kupika, pikia nje.

Mashimo ya thina hayajazwi kwa fila, ile lipu laini ya kuzibia, peke yake. Kata sehemu yote iliyoliwa hadi kwenye foamu nzima, chonga kizibo cha foamu kiingie, bandika kwa gundi ya polyurethani ambayo hukauka kwa unyevu, sawazisha kwa msasa, ndipo uvike kiraka.

## Rangi inanata, inabanduka au inatoka unga

Ikinata, hasa pale mpira wa mlango unapogusa, kwanza hesabu siku. Rangi ya maji hukauka kwa kushikwa ndani ya saa chache, lakini kukomaa kabisa kunachukua karibu mwezi. Ukifunga mlango wiki ya kwanza, rangi na mpira vinaoana, na siku ya kufungua vinachunana. Acha mlango wazi, paka poda ya mtoto kwenye mpira, subiri. Kama mwezi umepita na bado inanata, ilipakwa nene mno au kwenye unyevu. Piga msasa, rudia kwa mikono miembamba.

Ikibanduka kama ngozi iliyoungua na jua, tazama mgongo wa ile ngozi. Kama hauna alama ya nyuzi za kitambaa, rangi ilikaa juu ya gundi nene iliyong'aa na haikupata pa kushika. Msasa mwepesi, kisha praima, kisha rangi. Mkono wa kwanza juu ya turubai uzimuliwe kwa maji kidogo ili uingie ndani ya nyuzi. Na kama kuna mtu alipaka silikoni karibu na dirisha, rangi haitashika hapo kamwe mpaka silikoni yote iondolewe. Tumia ziba, yaani dawa ya kuzibia nyufa, inayokubali rangi.

Unga mweupe mkononi baada ya miaka ni jua tu. Osha, acha ikauke, paka mkono mmoja.

## Maji ndani ya trela

Hapa ndipo watu wanapoharibu pesa, kwa sababu wanaziba tundu ambalo halipo.

Asubuhi ukiamka ukuta umelowa, usiseme inavuja mpaka ujue usiku mvua ilinyesha. Watu wawili wakilala ndani ya chumba kidogo kisichopitisha hewa, pumzi yao inatosha kulowesha ukuta wa baridi. Kipimo: bandika kipande cha nailoni ukutani ndani, tepu pande zote nne, ulale. Asubuhi, maji yakiwa juu ya nailoni ni mvuke wenu. Yakiwa chini yake, kati ya nailoni na ukuta, yanatoka ukutani. Mvuke dawa yake ni hewa: fungua feni ya paa kidogo na dirisha upande wa pili, hata kwenye baridi.

Kama ni uvujaji kweli, karibu kila mara ni mahali ulipotoboa. Anza na feni ya paa, kisha dirisha, kisha mlango, taa, na kila skrubu. Mtu mmoja akae ndani na tochi na karatasi laini, mwingine awe nje na mpira wa maji. Mwagia kuanzia chini kwenda juu, dakika 5 kila eneo. Ukianzia juu, maji yanateremka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi. Usitumie mashine ya maji ya shinikizo. Itatengeneza tundu jipya na kuinua turubai.

Ukipata, toa kile kifaa chote. Najua inachosha. Kuzungushia ziba kwa nje kunafunga maji yaliyokwisha kuingia, na pamba inaendelea kuoza humo. Angalia ukingo wa lile tundu. Mara nyingi utakuta turubai limekatwa na foamu iko wazi, vyote vimelowa. Kausha, shibisha ukingo kwa gundi na rangi kama ulivyofanya kingo za chini, kisha rudisha kifaa juu ya tepu ya butili (tepu laini ya mpira inayozuia maji), skrubu zikiingia kwenye fremu ya mbao na siyo kwenye foamu. Foamu haishiki skrubu. Inazunguka ndani na kupanua tundu kila trela inapotikisika.

Bado kuna jambo moja la gundi yenyewe. Titebond II, ambayo wengi huku hutumia, inavumilia mvua lakini haikutengenezwa kukaa majini muda wote, na lebo yake inasema hivyo. Rangi ndiyo mwavuli wake. Paa likiwa na bonde linalotuama maji, gundi italegea hata kama ulifanya kila kitu sawa. Paa liwe na mteremko, na trela ikihifadhiwa iinuliwe upande mmoja.

## Madoa meusi

Weka tone la jiki juu ya doa. Likififia ndani ya dakika chache, ni ukungu; lisipofifia, ni uchafu wa barabara, osha kwa sabuni. Ukungu wa juu unasafishwa kwa sehemu 1 ya jiki na sehemu 10 za maji, dakika 10, kisha suuza vizuri. Usichanganye jiki na sabuni yenye amonia, hewa inayotoka ni sumu. Ukungu ukiwa unatokea chini ya rangi, kitambaa kinaoza. Choma kwa ncha ya kisu: kikipita kama kwenye mkate, kata hadi kwenye kitambaa chenye afya.

## Gundi ya baridi

Nilitaja gundi inayotoka unga mweupe. Huu unawapata wanaojenga Oktoba wakitaka kuwahi theluji. Titebond II inataka nyuzijoto 13 za Selsiasi kwenda juu. Titebond III inakubali kushuka hadi 8. Na joto linalohesabiwa si la hewa peke yake. Foamu, turubai na gundi vyote viwe na joto hilo, mchana na usiku wake. Gundi iliyokauka unga haifufuki. Sina njia ya mkato ya kukupa hapa: vua, kwangua, subiri joto.

## Nyufa pembeni mwa mlango na kwenye maungio

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa, kwa sababu turubai ni ngozi, na ngozi ikichanika kwenye kiungo huenda mfupa umesogea.

Weka kidole kwenye ufa. Mwenzako asukume paa kwa kiganja, taratibu, mbele na nyuma. Ufa usiposogea, bahati yako: ni rangi tu iliyopasuka, au kona ya mlango iliyokatwa mraba. Kona kali hukusanya mvuto wote. Ichonge iwe ya mviringo, ongeza tabaka la pili la turubai lililokatwa kimshazari ili nyuzi zake zipite kukata ufa, halafu rangi.

Ufa ukifunguka na kufumba kama mdomo, maungio ya foamu yameachana, au ukuta umeachana na sakafu, au chasisi inapinda. Angalia chini: bolti za sakafu, mbao zilizooza, alama ya kutu mpya ya rangi ya machungwa kwenye vyuma vilivyochomelewa. Angalia pia tairi, kama moja imeliwa upande mmoja, ekseli haiko sawa.

Hapo acha. Usiivute tena. Viungo vya foamu kwa foamu unaweza kuvibandika upya mwenyewe, ukivikaza kwa mikanda na kuongeza mbao kwenye kona. Chasisi, ekseli, beringi, breki na ndoano ya kuvutia ni kazi ya fundi wa matrela na mchomeleaji mwenye uzoefu. Nimeshuhudia mtu akifunika ufa wa namna hii kwa tabaka tatu za turubai kabla ya safari ya barabara ya 70 kuelekea Indianapolis. Turubai halikupasuka. Ukuta ulilala nje ukiwa bado umevaa turubai lake, na aliyekuwa nyuma yake aliponea kwa kuwahi breki.

## Vibonyeo na vumbi la ajabu

Kibonyeo cha tawi au mvua ya mawe: kama turubai halijachanika, hakuna haraka. Jaza kwa fila nyepesi ya nje, msasa, rangi. Likichanika, kiraka siku hiyohiyo, au angalau tepu, kabla pamba haijalowa.

Ukikuta vilima vidogo vya vumbi la foamu sakafuni na hakuna aliyekata kitu, una sisimizi wakubwa weusi, wale wanaochimba mbao. Huchimba foamu pia ili wajenge kiota, na huwa wanafuata mahali penye unyevu. Tafuta uvujaji kwanza, kisha wao.

## Ukilazimika kuvua lote

Usione ni msiba. Huko Maine, tangu mwishoni mwa karne ya 19, mitumbwi ya mierezi huvikwa turubai lililojazwa fila na kupakwa rangi, na turubai likichoka huvuliwa, mbao zikakaguliwa, mtumbwi ukavikwa jipya. Trela ya foamu inakubali matibabu hayohayo.

Anzia kwenye ukingo uliolegea, vuta kwa pembe ya chini sambamba na ukuta, usivute kwenda nje, utang'oa foamu. Palipogoma, weka taulo lenye maji ya moto ya bomba, si ya kuchemka, kwa dakika 15. Gundi italegea kiasi. Kwangua kwa skrepa ya plastiki. Kausha. Piga msasa mpaka uso wote ufifie, fyonza vumbi, futa.

Halafu, kabla hujabandika ubavu mzima, bandika utepe wa turubai wa sentimita 5 kwa 30 mahali palipojificha, chini ya sakafu au nyuma ya kinga ya tairi. Uache siku 3. Shika ncha, uvute. Ukitoka na foamu imeng'ang'ania mgongoni, fungua kopo la gundi uanze kazi.